Kumpendekeza Mfanyabiashara ni Kutoa Ushahidi

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Mwezi uliopita kamati ya msikiti ilipokea barua kutoka kwa kikundi cha wafanyabiashara wa hapa mjini kwetu Tanga, ambao wengi wao tunasimama nao safu moja kila siku. Ndugu zetu hao wanaomba mambo mawili. La kwanza, waruhusiwe kukutana katika ukumbi wa madrasa kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri. La pili, majina ya wanachama wao pamoja na kazi wanazozifanya yasomwe msikitini kila baada ya sala ya Ijumaa, ili waumini wajue fundi yupi wa kumwita na duka lipi la kununua. Barua hiyo haijajibiwa bado. Na kwa kuwa jambo lenyewe linagusa mifuko ya waumini na heshima ya msikiti, tumeona ni wajibu wetu kulizungumza mapema na kwa uwazi, kabla jibu halijatoka.

Kwa wasiokifahamu kikundi hicho, utaratibu wake ni huu. Wanachama hawazidi 30: yumo muuza bati na saruji, fundi umeme, mshonaji, mwenye gari la mizigo, mpishi wa shughuli, mwenye duka la dawa, na wengineo. Kila kazi ina mwanachama mmoja tu. Akishaingia fundi bomba mmoja, wa pili haingii. Kila wiki mwanachama husimama akaieleza kazi yake kwa dakika moja, kisha akataja ni wateja gani amewaelekeza kwa wenzake tangu kikao kilichopita. Hesabu huandikwa daftarini, na asiyeleta mteja kwa muda mrefu hukumbushwa mbele ya wenzake.

Utaratibu huo haukubuniwa hapa. Mwaka 1905, katika mji wa Chicago nchini Marekani, mwanasheria Paul Harris alikutana na wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshonaji nguo. Wakakubaliana kupokezana mahali pa kukutania, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na ndipo lilipotoka jina la Rotary. Kupeana wateja lilikuwa lengo lao la wazi katika miaka ya mwanzo, kabla hawajaelekea kwenye shughuli za huduma kwa jamii. Mwaka 1985, huko California, Ivan Misner akaanzisha mtandao wa BNI, ambao kazi yake hasa ni kuelekezana wateja: vikao vya kila wiki, mtu mmoja kwa kila taaluma, na ada ya uanachama. Leo mtandao huo umeenea katika nchi nyingi, na Nairobi umo. Hatuzitaji jumuiya hizo ili kuzipigia debe wala kuzikashifu. Tumezitaja ili ieleweke kwamba ndugu zetu wameazima chombo kilichotengenezwa na wengine, na mwenye busara akiazima chombo hukikagua kabla hajapanda.

Ama asili ya jambo lenyewe, yaani watu wa riziki kushikana mikono, hiyo si ngeni kwetu. Upatu tumeurithi kwa mama zetu. Na juu ya hayo, Waislamu tunacho kisa kilichothibiti katika Sahihi ya Imamu Al-Bukhari. Mtume (S.A.W.) alipounga udugu baina ya Muhajirina na Ansari, Abdurrahman bin Auf alifanywa ndugu wa Saad bin Rabii, tajiri wa Madina. Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali hiyo, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko liko wapi. Akaelekezwa kwenye soko la Banu Qainuqaa, akaanza na samli na maziwa makavu, na haukupita muda mrefu akawa amejitosheleza. Mazingatio ni kwamba mgeni yule hakuomba wateja wa kupewa. Aliomba njia tu, na kazi yake ikajisemea yenyewe mbele ya wanunuzi.

Kwa hiyo hatuwapingi ndugu zetu. Tunafahamu taabu ya mfanyabiashara mdogo asiye na jamaa ofisini, ambaye kila zabuni humpita kwa sababu hajulikani. Tunafahamu vijana waliohitimu ufundi wakabaki wanakaa vibarazani kwa kukosa mtu wa kuwataja. Watu wa namna hiyo kukutana, kufahamiana na kusaidiana ni jambo la kheri, na asiyeona kheri yake hajawahi kufungua duka asubuhi akalifunga jioni bila ya kuuza.

Lakini tuna jambo linalotutia hofu, nasi hatulisemi kwa kusikia. Miaka michache iliyopita tulijenga madarasa mawili ya madrasa. Fedha zilitokana na michango ya waumini, wakiwemo akina mama waliokuwa wakileta shilingi mia tano mia tano kila Ijumaa. Ilipofika kazi ya kupaua, muumini mmoja, mtu wa safu ya mbele, alitupendekezea fundi. Alimsifu kwa uaminifu na kwa umahiri, nasi tukampa kazi. Makubaliano yalikuwa bati la geji 30.

Masika ya kwanza yalipoingia, maji yalipita darasani kama yanayopita katika chujio. Tuliwahamisha watoto, tukaanika juzuu na misahafu juani, na mingine haikufaa tena. Fundi mzee tuliyemwita akapanda juu, akashuka akitikisa kichwa: bati lilikuwa la geji 32, jepesi kuliko lile tulilolilipia, misumari ilipigwa bila ya mipira yake, na kenchi zilikuwa mbalimbali kupita kiasi. Tukamwendea yule ndugu aliyempendekeza. Hakukana, wala hakutafuta maneno. Alisema: "Maalim, kusema kweli kazi yake sijawahi kuiona. Tuko naye kikundi kimoja. Yeye alikuwa ameshaniletea wateja watatu, na mimi sikuwa nimemletea hata mmoja. Niliona haya."

Tumeyatafakari maneno hayo mara nyingi. Ndugu huyo si mwizi. Hakupokea senti katika kazi ile, na baadaye alichangia matengenezo kutoka mfukoni mwake. Kosa lake ni kwamba alikuwa na deni la fadhila kwa mwenzake, akalilipa kwa mali isiyokuwa yake; alililipa kwa shilingi mia tano za akina mama. Na hapa ndipo penye ugonjwa wa vikundi hivi vyote, vya huku na vya ng'ambo. Wanaohesabiana fadhila ni wawili, lakini anayetoa fedha ni wa tatu, naye hayumo kikaoni wala jina lake halimo katika daftari.

Enyi ndugu zetu katika imani, kumpendekeza mtu ni kutoa ushahidi juu yake. Anayesema "mpe fulani kazi, ni mwaminifu" amesimama mahali pa shahidi, hata kama amesema akiwa anakunywa kahawa barazani. Katika Suratun Nisaa, aya ya 85, tumefundishwa kwamba anayemsemea mtu kwa jambo jema hupata fungu katika kheri yake, na anayemsemea kwa jambo baya hubeba sehemu ya uovu wake. Basi asidhani mtu kwamba akishalitaja jina amemaliza, na yatakayofuata ni baina ya fundi na mteja.

Imepokewa kwamba mtu mmoja alitaka kutoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), naye akamtaka alete mtu anayemjua. Akaja mtu akasema kwamba anamjua kwa uadilifu. Umar akamuuliza mambo matatu: Je, ni jirani yake wa karibu, ajuaye kutoka na kuingia kwake? Je, amewahi kufanya naye muamala wa dinari na dirhamu? Je, amewahi kusafiri naye? Yote matatu akajibu hapana. Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Na katika masimulizi mengine Umar aliongeza kwamba huenda alimwona tu akiinama na kuinuka msikitini. Hebu tuyapime mapendekezo yetu kwa mizani hiyo. Ni mangapi yatabaki?

Na tumtazame Wathila bin Al-Asqaa (R.A.), ambaye kisa chake wamekitaja wanazuoni katika milango ya biashara. Mtu aliuza ngamia wake kwa dirhamu 300, na Wathila alikuwa amesimama pale, fikra zake ziko mbali. Alipozinduka, mnunuzi alikwisha ondoka. Akamkimbilia, akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa safari. Alipojibiwa kuwa ni kwa safari, akamweleza kuwa kwato za ngamia yule zina kasoro aliyoiona mwenyewe, na mwendo mrefu hatauweza. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akalazimika kupunguza dirhamu 100. Muuzaji alimlaumu Wathila kwa kumharibia biashara, naye akajibu kwamba walimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumnasihi kila Muislamu. Zingatieni kwamba Wathila hakuwa muuzaji wala dalali. Alikuwa mpita njia tu, lakini kujua kwake kulimtosha kuwa dhamana. Sembuse yule aliyemleta mteja kwa mkono wake!

Kwa msingi huo, rai yetu kwa kamati na kwa ndugu zetu wa kikundi ni kama ifuatavyo.

Kwanza, ukumbi wapewe. Mahali pa elimu hapadhuriki kwa watu wanaotafuta riziki ya halali. Lakini majina yasisomwe msikitini. Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza na kununua ndani ya msikiti, na tangazo la duka lililosomwa mbele ya mimbari liko karibu mno na katazo hilo. Zaidi ya hayo, muumini akilisikia jina pale atadhani kuwa imamu ndiye anayemdhamini mtu huyo.

Pili, mwanachama asimpendekeze mwenzake mpaka awe ameiona kazi yake kwa macho, au amefanya naye muamala. Asiyeijua aseme wazi: "Huyu tuko naye kikundi kimoja, kazi yake sijaiona." Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima, na yanamwacha mteja na hiari yake.

Tatu, anayepata chochote kwa kumleta mteja amwambie mteja huyo. Ujira wa dalali ni halali unapojulikana. Lakini mtu aliyetumwa na msikiti au na jirani amtafutie fundi, kisha akapokea asilimia kwa siri kutoka kwa fundi, huyo amewahudumia mabwana wawili na kumhini mmoja wao.

Nne, daftari linaloandikwa wateja walioletwa liandikwe pia malalamiko ya wateja. Kikundi kinachohesabu vilivyoingia bila ya kuhesabu vilivyoharibika hakijaweka hesabu ya insafu. Na mwanachama aliyelalamikiwa kwa haki mara kwa mara, atolewe.

Tano, kanuni ya mtu mmoja kwa kila kazi itazamwe upya. Inawafaa waliotangulia, lakini inamfungia mlango kijana wa pili mwenye ufundi uleule, ambaye huenda ni bora zaidi. Wala inapomlazimisha mwanachama kumtaja mwenzake hata akijua kwamba yuko aliye hodari kuliko yeye, basi imeshamlazimisha kuuficha ushahidi.

Ama sisi, hatuna haki ya kuwanyooshea wengine kidole kisha tukakificha chetu. Yule fundi wa bati tulimpokea bila ya kuuliza swali hata moja, kwa sababu tu aliyemtaja alikuwa mtu wa alfajiri. Hatukwenda kuitazama nyumba aliyoipaua, hatukupima bati lilipowasili, hatukuomba bei ya fundi wa pili. Swali la Umar lilikuwa juu yetu kabla halijawa juu ya yule ndugu. Tangu siku ile kazi yoyote ya madrasa hutakiwa kuwa na bei za mafundi watatu, na mmoja wetu huenda kuiona kazi ya kila mmoja kabla ya kuamua. Tunaiomba kamati ya msikiti nayo ifanye vivyo hivyo, na wala isimwonee haya mtu, awe wa safu ya mbele au ya nyuma.

Ndugu zetu wafanyabiashara, shikaneni mikono. Mji huu una kiu ya watu wanaoaminiana. Lakini mnapotajana majina, mkumbukeni yule wa tatu ambaye hayumo kikaoni: mjane anayejenga chumba kimoja, baba anayenunua mashine kwa mkopo, watoto waliokaa chini ya bati linalovuja. Huyo naye ana haki katika ndimi zenu.

Tunamuomba Allah (S.W.) aibariki biashara ya kila mkweli, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosema wanachokijua na kunyamazia wasichokijua. Amin.

Wabillahi tawfiq.