Ngano ya Jeni Moja Isipitishwe

Tangu Baraza la Mawaziri la Kenya liondoe marufuku ya mazao ya GMO (yaliyobadilishwa vinasaba), Oktoba 2022, mjadala umekwama pale pale: mbegu imetoka maabarani au shambani? Mkulima wa ngano wa Narok ana swali zito zaidi. Mbegu hii ina jeni ngapi za kinga dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu? Kama ni moja tu, isipitishwe, hata iwe imezalishwa kwa njia gani.

Wapo wanaohofia kampuni kubwa kuhodhi mbegu. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni sheria ya umiliki. Wapo pia wanaosema jeni moja huingizwa upesi na mkulima hawezi kungoja. Lakini jeni moja hushindwa upesi vilevile; tumeuona. Ug99, kutu iliyobainika Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa imeshaishinda jeni ya Sr31. Mwaka 2006 ikazuka nchini Kenya aina yake iliyoishinda jeni ya Sr24, na 2007 ikaja nyingine ya kuishinda Sr36. Mbegu ya Kenya Mwamba ilitegemea Sr24; mashina yake yalitumbuka vidonda vyenye unga wa rangi ya matofali.

Sababu ya jeni moja kushindwa iko katika kemia ya seli. Kuvu ya kutu hupenyeza protini zake ndani ya seli ya ngano ili iinyonye ikiwa hai. Jeni nyingi za kinga huunda protini iliyo kama askari aliyeonyeshwa picha ya mwizi mmoja. Akimtambua, seli hujiua na kuvu hukosa chakula. Lakini mwaka 2017 watafiti walipoipata protini ya kuvu inayotambuliwa na jeni ya kinga ya Sr35, waliona kuvu nyingi zilizoponyoka zina kipande cha DNA kilichojipachika katikati ya jeni ya protini hiyo. Badiliko moja tu, askari hana kazi! Na shamba lenye kutu hutoa spora mabilioni, hivyo badiliko la kumhadaa askari mmoja halikosekani. La kuwahadaa watano kwa mpigo ni nadra mno.

Mwaka 2021 ilitangazwa ngano yenye Sr22, Sr35, Sr45, Sr50 na Sr55 zilizofungwa pamoja, zinazorithiwa kama jeni moja. Sr55 hata haitambui mvamizi. Inahusika na usafirishaji wa sukari. Ngano hiyo ni GMO. Kwa uzalishaji wa kawaida jeni hizo hutawanyika kila unapochavusha, na kuzikusanya huchukua miaka.

Anayeikataa kwa sababu ya jina hilo, huku akiibariki mbegu ya jeni moja eti ni ya asili, asidai anamtetea mkulima. Anamuuzia hasara. Kephis, shirika la serikali linalosimamia mbegu, wadai idadi ya jeni za kinga ichapishwe kwenye kila mfuko wa mbegu, na mfuko wenye jeni moja usifike dukani.