Tusipime Filamu kwa Nguo

Hapa Lualaba, kila ikitajwa filamu yenye mwili mtupu, maneno huwa mawili tu: huyu husema ni sanaa, yule husema ni uchafu. Wote wawili wanapima kwa nguo. Mimi naomba tupime kwa utu.

Kwanza, tusidanganyane kwamba uchi tumeletewa na wageni. Mafundi wa Kiluba walichonga viti vya enzi vinavyobebwa na mwanamke asiye na nguo, mikono juu, tumbo limepambwa chale zilizopangwa kwa ustadi, macho ameyainamisha. Hakuchongwa ili achekwe wala atamaniwe. Alibeba enzi ya mfalme. Wachokwe nao wana kinyago cha Mwana Pwo: mwanamume huvaa matiti ya bandia na kucheza kwa adabu, kumtukuza mwanamke.

Sasa tuje kwenye filamu. Viva Riva! ya Djo Munga, iliyotoka mwaka 2010, inasimulia magendo ya petroli mjini Kinshasa, na mambo ya kitandani haikuyaficha. Mwaka 2011 ilizoa tuzo 6 za African Movie Academy. Mtu mzima akiitazama yote, ataona jinsi tamaa inavyowamaliza watu. Lakini mtu akizikata zile dakika za kitandani na kuziuza peke yake, hadithi imekufa na sanaa imekwenda nayo.

Tena iko filamu ya Makala, ya Emmanuel Gras, iliyotuzwa Cannes mwaka 2017. Mchoma makaa anasukuma baiskeli iliyolemewa magunia kuja Kolwezi. Kamera inamfuata karibu, inaona jasho, vumbi na mgongo uliopinda, wala hadhalilishwi. Ndivyo mwili wa mtu unavyotazamwa kwa heshima.

Hatari yetu iko kwenye simu. Kobalti inachimbwa hapa kwetu, inaturudia ndani ya betri za simu, na kwa simu hizo mtoto anapokea picha asizoweza kuzielewa. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto inamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18. Basi, enyi wenye vibanda vya video, filamu ya wakubwa ikianza, watoto watoke, hata kama wamelipa. Enyi wazazi, msinyang'anye simu tu mkanyamaza. Semeni na wana wenu kabla mtaa haujawafundisha. Nanyi watengenezaji wa filamu, mwigizaji aelezwe mapema kila tendo, akubali kwa hiari, alipwe, na akikataa asifukuzwe. Wakaguzi nao watazame filamu nzima kabla ya kuipiga marufuku.

Picha inayomgeuza mtu bidhaa tuikatae, hata akiwa amevaa suti. Na anayetaka kuanza leo aanze na simu yake: picha ya uchi ya mtu asiyetoa ruhusa, aifute, asimrushie mwenzake.