Usimpe Kanjo Kitu Kidogo, Mdai Maandishi

Ndugu yangu, mamako amebanwa na pumu. Umeacha gari mbele ya hospitali bila kulipia, ukambeba ndani. Kutoka, kanjo wameshafunga gurudumu. Wafanyaje? Wabembeleza, kisha watoa kitu kidogo. Kesho watamfunga mwenzako.

Acha hiyo! Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, yasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 47 chakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi serikali ikikuchukulia hatua inayoumiza haki yako. Na kaunti ni serikali.

Piga picha ya gari. Weka karatasi ya hospitali yenye tarehe na saa. Ukilazimika kulipa ili gari litoke, dai risiti. Kisha iandikie kaunti barua: eleza dharura, dai faini ifutwe na pesa zirudi. Nakala yako ipigwe muhuri.

Vifungu hivi havifuti faini vyenyewe. Wanaweza kukataa. Basi wakatae kwa maandishi! Karatasi hiyo utaipeleka kwa Ombudsman, anayepokea malalamiko bila malipo.

Ukinyamaza, hakuna rekodi. Tukiandika wengi, watajibu nini?