Likizo Hii, Ipelekeni Sheria Nyumbani

Kiangazi kimefika, vyuo vinafungwa, na wataalamu wa sheria ya teknolojia duniani kote wanafunga mizigo. Huyu anakwenda Brussels kujadili akili mnemba, yule Geneva kwenye semina ya kulinda taarifa za watu. Hata kwetu, Goma, Bukavu, Kisangani na Kinshasa, mwenye bahati hukosi kumwona na tiketi mkononi. Safari njema kwao. Ombi langu ni dogo: katika likizo hiyo ndefu, kateni wiki moja muitoe kwa Masisi na Walikale, huku Kivu Kaskazini.

Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Code du numérique, sheria inayotawala huduma za kidijitali na taarifa zetu binafsi. Katiba ya 2006, kifungu cha 142, inaiagiza serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60 tangu itangazwe. Sasa nenda sokoni Walikale uulize nani amewahi kuishika nakala yake ya Kiswahili. Watakuuliza wewe unaiuza bei gani.

Na Walikale inajua uchungu wa sheria usiyoisoma. Julai 2010, kule Washington, Rais Obama alitia saini sheria ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake. Mwezi wa tisa mwaka huo huo Rais Kabila akasimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na mgodi wetu wa Bisie, Walikale, ukafungwa pamoja na mingine hadi Machi 2011. Wachimbaji, wapagazi waliotoa kasiterite, madini ya bati, msituni kwa mgongo, akina mama waliowapikia, wote wakalala njaa kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna aliyeiona. Waliiita sheria ya Obama, basi. Hakukuwa na mtu wa kuwaeleza zaidi ya hapo.

Code du numérique ni yetu wenyewe, kwa hiyo hatuna kisingizio. Sisemi ifundishwe yote. Sehemu kubwa ni saini za kielektroniki na biashara za mtandaoni, na mama wa Nyabiondo, kule Masisi, anaweza kungoja hayo. Anzeni na daftari.

Kwenye kibanda cha M-Pesa au Airtel Money, wakala ana daftari. Ukitoa pesa anakuandika: jina, namba ya simu, namba ya kadi ya mpiga kura, kiasi, kisha unatia saini. Mteja wa nyuma yako akiinama naye kusaini, macho yake yanatembea juu ya mistari ya waliomtangulia. Anajua kwamba mke wa fulani ametoa dola 200 asubuhi ile. Mahali pengine huo ungekuwa umbea wa jioni tu. Kwetu watu hutekwa njiani na ndugu zao wakadaiwa pesa kupitia simu hizo hizo, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kumleta mwenye bunduki mlangoni. Na tangu benki za Goma zifunge milango Januari 2025, wengi hatuna benki nyingine zaidi ya kibanda.

Sheria inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde. Kutii hapa kunagharimu kipande cha katoni, kinachowekwa juu ya mistari iliyokwisha kujazwa, ukaachwa wazi mmoja tu. Mwanasheria anayeheshimu watu anaweza kuelewana na mawakala wa senta nzima kwa asubuhi moja, bila bango, bila fulana, bila perdiem. (Ndiyo, naijua tabia yetu. Warsha isiyo na soda huonekana si warsha.)

Liko pia suala la alama za vidole zinazochukuliwa kambini kabla ya mgao wa msaada. Mkimbizi ana haki ya kuuliza zinatunzwa na nani, kwa muda gani, na nani mwingine anazipata. Mfundisheni namna ya kuuliza kwa adabu bila kupoteza nafasi yake kwenye foleni. Kisha kuna laini za simu. Masisi haikupiga kura Desemba 2023 kwa sababu ya vita, wengi wakabaki bila kadi ya mpiga kura, na kadi hiyo ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku. Asiye nayo anatumia laini iliyoandikwa jina la shemeji, na shemeji akikosana naye, mambo yanaharibika.

Vijana wanahitaji kusikia habari za kifungu cha 360 cha Code hiyo. Hakimgusi mtunga uongo peke yake. Anayepokea audio ya kumsingizia mtu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp anaweza kufungwa hadi miezi sita. Lakini msiwafiche upande wa pili: sheria hii hii ilitumika katika kesi ya mwandishi wa habari Stanis Bujakera, aliyekaa gerezani tangu Septemba 2023 hadi Machi 2024. Inalinda na inauma, na mimi nadhani meno yake ni marefu mno. Raia ayajue yote mawili.

Simtumi mtu kupanda pikipiki kuelekea kunakolia risasi. Barabara ya Sake, ya kuelekea Masisi, si ya kujaribia ushujaa. Watu wa Masisi na Walikale wako pia kwenye familia zilizowapokea, kwenye parokia, kwenye shule zilizogeuzwa makao, na redio inavuka mahali ambapo gari halivuki. Aliye Ulaya au Amerika arekodi dakika chache kwa Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, jambo moja kila mara, awatumie wa nyumbani. Kabla ya kurusha, mpe mwalimu wa shule ya msingi aisikilize. Asipoelewa yeye, rekodi upya.

Nanyi wakuu wa vitivo vya sheria, mwanafunzi atakayerudi mwezi wa kumi na ukurasa mmoja wa Kiswahili uliokwisha kusomwa redioni, mpeni alama kama mnazompa aliyefanya staji kwenye ofisi ya wakili mjini.