Acheni Kupulizia Maua Dawa ya Mende

Wasee, tuongee ukweli. Huku Majengo nafasi ya kupanda kitu ni ndogo kuliko meza ya mama mboga. Ukiona haibiskasi imesimama kwa ndoo iliyotoboka, ama bogenvilia kwa tairi kuukuu, jua kuna mtu amekuwa akibeba maji kwa mtungi kila jioni. Halafu tunaiua wenyewe, tukidhani tunaitibu.

Stori ni ileile kila ploti. Wadudu weupe kama pamba wanatokea kwa shina. Majani yanajikunja, yananata, na chungu wanapanda na kushuka kama wana ofisi huko juu. Mtu anakasirika, anachukua dawa ya mende, anapuliza mpaka ikaisha. Mwingine ananunua dawa ya shamba iliyopimwa kwa chupa ya soda, haina lebo, haina jina. Wiki chache baadaye wadudu wamerudi, na mwenye ploti anasema ng'oa hiyo takataka.

Mimi nasema hiyo ni kupoteza pesa. Hao wadudu weupe wamejifunika nta na wanajificha kwa mikunjo ya shina, kwa hivyo dawa nyingi haiwafikii. Wanaokufa haraka ni maadui zao: yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi, na nyigu wadogo ambao hata huwaoni. Umeua askari, ukaacha mwizi.

Hii kitu imeshawahi kuonekana kwa ukubwa. Miaka ya 1970, wadudu weupe wa jamii hiyo waliingia Afrika kutoka Amerika Kusini wakamaliza mihogo. Mswisi Hans Herren na wenzake waliwashinda kwa kuleta nyigu mdogo kutoka Paraguay, anayetaga mayai ndani ya hao wadudu. 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Wakati huo alikuwa anaongoza icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa 1970 na Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo. Kiko wapi? Kasarani. Hapo tu, na sisi bado tunapigana na maua kwa dawa ya mende.

Sawa, nyigu wa Paraguay huna. Lakini maji na sabuni unayo. Kata tawi lililojaa wadudu, lifunge kwa mfuko, litupe. Usiliache hapo chini. Waliobaki wapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Ukitaka kupuliza, weka kijiko kimoja au viwili vya chai vya sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, jaribu kwa majani machache kwanza, na ufanye jioni, kwa sababu jua kali na sabuni huunguza majani. Rudia kila wiki. Halafu zuia chungu: wanakula utamu unaotoka kwa hao wadudu, kwa hivyo wanawalinda kama mlinzi wa geti.

Najua utasema, "Nani ana hiyo saa?" Dakika kumi kwa wiki, buda. Umetumia zaidi ya hizo kusoma kamenti leo.

Na kuna sababu kubwa kuliko maua. Watoto wetu hawana uwanja, wanacheza hapohapo kwa korido, karibu na hizo ndoo. Chupa ya soda yenye sumu, kwa macho ya mtoto wa miaka mitatu, ni soda. Kisheria dawa ya wadudu wa mimea inafaa kuwa imesajiliwa na bodi ya PCPB na iwe na lebo. Haina lebo? Usinunue, hata kama ni mbao tu.

Kama kuna ua linaugua kwa ploti yenu, usingoje mwenye ploti aamue. Geuza jani uangalie chini yake, umjue adui. Kisha leta sabuni.