Tuandike Hadisi Tunazozipenda Wenyewe

Wandugu wasomaji, tuulizane bila haya: kati yetu sisi tunaoandika, nani amewahi kusoma tena hadisi yake mwenyewe usiku, kwa kupenda tu? Tumeulizana, na jibu halikutufurahisha.

Tukishika kalamu tunageukaka watu wengine. Tunaandika vita, volkano, na mtoto mwanajeshi anayesamehewa kwenye ukurasa wa mwisho. Tunaandika hivyo juu mfadhili anapenda hivyo, ama mgeni anangojea Goma ya namna hiyo. Lakini kitabu hicho kikifika nyumbani, sisi wenyewe tunakifunga kwenye ukurasa wa tatu. Kama mpishi anakataa chungu chake, nani atakula?

Hiyo si desturi yetu. Bibi aliyesimulia kando ya moto hakuwa na mfadhili. Alikuwa na watoto mbele yake. Wakisinzia, alijua hadisi imekufa, akamleta Sungura haraka. Naye mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza. Mafundisho yalikuwemo, lakini yalikuja nyuma ya kicheko.

Wako watakaosema: "Batu banateseka, ninyi munatafuta kuchekesha?" Tunajibu: mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipowaka na watu wakakimbilia Sake, usiku hatukusomeana ripoti. Tulisimuliana juu ya baba fulani aliyebeba televisheni kichwani akasahau ufunguo wa nyumba. Tulicheka, na asubuhi miguu ilikuwa myepesi kidogo. Anayeteseka ndiye mwenye haja kubwa ya hadisi nzuri.

Wengine watasema Kiswahili chetu cha Kivu si safi, heri Kifaransa. Angalieni: mwaka 1965, mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika historia ya mji kwa Kiswahili cha maboyi, kwa ajili ya maboyi wenzake. Hakungoja ruhusa ya mwalimu. Leo maprofesa wa mbali wanaichunguza lugha ile ile. Na Mtanzania Elvis Musiba, katika Kikosi cha Kisasi, alimpeleka mpelelezi wake Willy Gamba mpaka Kinshasa, tukamfuata kwa roho juu. Jirani ametuandikia Kinshasa yenye mbio na hatari. Sisi wenye Birere, wenye motari, wenye chukudu zinazoteremka toka Kibumba zimejaa mboga, tunangoja nini?

Hatusemi vita isiandikwe. Tunasema iandikwe na mtu ambaye angetaka kuisoma.

Basi, kabla ya kupeleka hadisi yako popote, isome kwa sauti nyumbani. Kama wewe mwenyewe unatazama saa, ipasue. Kama mama anaacha sombe kwenye moto na kuuliza, "Kisha ikakuwa namna gani?", hapo umeandika.