Walicheza na Man U, wakaishia ligi ya jimbo

Sauti imenikauka. Jumapili iliyopita pale kijiweni kwetu ilizuka kasheshe, kidogo watu wachaniane mashati. Mshikaji wangu mmoja, Man United wa damu, yule ambaye timu ikifungwa hata ugali hali, alisimama akatangaza mbele ya kadamnasi kwamba Australia hakuna soka. Eti kule ni kangaruu na raga tu, na yule kocha Ange Postecoglou "waliokota barabarani".

Namwelewa. Donda lake halijapona. Huyo Postecoglou ndiye aliyewalaza Man U pale Bilbao, Mei 21, 2025, fainali ya Europa League, bao 1-0, Tottenham wakaondoka na kikombe. Kwamba wiki mbili na ushee baadaye Tottenham hao hao walimfukuza kazi, hiyo ni habari nyingine. Na kwamba Nottingham Forest walimchukua Septemba wakamtimua Oktoba, hiyo nayo tuiache, maana mshikaji aliipigia makofi mpaka mikono ikamuwasha.

Nikamwambia, kaa chini nikuulize. Unajua kwamba Man U yako ilishacheza mashindano ya dunia, uwanja wa Maracana, na timu ya Australia ambayo wachezaji wake wengi walikuwa na vibarua vyao vya mchana? Na kwamba kocha wa timu hiyo alikuwa huyo huyo wa kuokotwa? Akacheka kicheko cha dharau. Akaweka kreti ya soda. Mimi hela ya kreti sina, mnajua wenyewe kalamu ya kujitegemea inavyolipa, lakini nilimpa mkono. Sasa naandika hapa ili ushahidi uwe wa maandishi, asije akaruka.

Timu yenyewe inaitwa South Melbourne. Ilizaliwa mwaka 1959 baada ya timu tatu ndogo kuungana: South Melbourne United, Hellenic na Yarra Park. Wenye timu walikuwa Wagiriki. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa Ulaya ya kusini walijazana kwenye meli kwenda Australia kutafuta maisha, na Melbourne ikawa moja ya miji yenye Wagiriki wengi kuliko yote nje ya Ugiriki. Wengi wao walikuwa watu wa viwandani. Wiki nzima unafokewa kwa lugha usiyoijua vizuri. Jumapili unavaa suti, unakwenda kanisani, ukitoka hapo moja kwa moja uwanjani Middle Park, jezi za bluu na nyeupe, na kila mtu anakuelewa unapotukana refa. Waliiita Hellas, yaani Ugiriki kwa Kigiriki chao.

Ndani ya umati huo alikuwamo mtoto mmoja, amezaliwa Athens mwaka 1965, ameletwa na wazazi wake akiwa na miaka mitano. Baba yake alikuwa na biashara, ikapotea baada ya wanajeshi kupindua serikali ya Ugiriki mwaka 1967. Kule Australia mzee akawa mtu wa kazi tu, asubuhi anaondoka, usiku anarudi kachoka, maneno hakuna. Postecoglou mwenyewe amesema mara nyingi kwamba soka aliipenda kwa sababu ndiyo iliyokuwa njia ya kuwa karibu na baba yake. Jumapili mzee alifunguka. Nikisoma pale huwa nanyamaza kidogo, maana wengine tunao wazee wa aina hiyo nyumbani, na Jumapili yenyewe hatukuipata.

Tuendelee. Mtoto akakua, akawa beki wa Hellas, akabeba ubingwa wa taifa mwaka 1984, akawa nahodha. Ligi ya taifa ya Australia ilikuwa imeanza mwaka 1977 na Hellas ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Lakini utamu wenyewe ni mwaka 1989. Msomaji, shika kiti. Timu hii ya Wagiriki wa viwandani ilimleta kocha anayeitwa Ferenc Puskás.

Kama humjui Puskás, kamuulize babu. Ndiye nahodha wa Hungaria iliyowafunga Waingereza 6-3 Wembley mwaka 1953, kwao, mchana kweupe. Ndiye aliyefunga mabao manne peke yake kwenye fainali ya Ulaya ya 1960, Real Madrid ilipoitwanga Eintracht Frankfurt 7-3. Leo FIFA wana tuzo ya bao bora la mwaka, inaitwa kwa jina lake. Mtu huyo, kitambi mbele, akawa anafundisha timu ambayo wachezaji wanakuja mazoezini jioni wakitoka kazini.

Walielewana vipi? Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga. Ila Kigiriki alikijua, kwa sababu aliwahi kuifundisha Panathinaikos ya Athens na kuifikisha fainali ya Ulaya mwaka 1971. Kwa hiyo nahodha Postecoglou akageuka mkalimani, na zaidi ya hapo akageuka dereva. Alikuwa akimpakia mzee kwenye Datsun yake iliyochoka na kumrudisha nyumbani, na njia nzima ni stori za soka. Wewe mwenzangu, ukipanda daladala jirani yako anakuhadithia bei ya nyanya. Mwenzio kakaa na Puskás kiti cha mbele.

Na falsafa ya mzee ilikuwa nyepesi: shambulieni. Wakikufunga tatu, wewe wafunge nne. Ukiitazama Tottenham ya Postecoglou, mabeki wamesimama katikati ya uwanja huku nyuma kipa yuko peke yake kama mlinzi wa ghala, basi ujue mambo hayo yana historia.

Mwaka 1991 wakafika fainali ya ligi na wapinzani wao wa mji mmoja, Melbourne Croatia, timu ya Wakroati. Hellas walikuwa nyuma kwa bao moja mpaka dakika za lala salama, Joe Palatsides akasawazisha. Ikaenda kwenye mikwaju ya penalti, Hellas wakashinda 5-4. Mzee Puskás kabeba kombe Australia! Aliondoka mwaka 1992, na leo ana sanamu yake katika mji huo wa Melbourne.

Baada ya hapo ndipo wakubwa wa soka la Australia walipoanza kuwashwa. Wakasema majina haya ya Ugiriki na Ukroati yanawafukuza Waaustralia wengine, timu ziyavue. Melbourne Croatia ikawa Melbourne Knights. Hellas nayo ikahangaika na majina, kuna kipindi iliitwa South Melbourne Lakers, kama timu ya kikapu. Mimi nasema hivi: hoja ya wakubwa ilikuwa na ukweli ndani yake, kwa sababu uwanjani kulikuwa na watu waliobeba ugomvi wa kwao Ulaya wakauleta mpaka Australia. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mtu aache ugomvi na kumwambia aache jina. Jina halikurusha chupa.

Kana kwamba haitoshi, na uwanja nao ukaondoka. Middle Park, pale pa Jumapili za wazee, ulivunjwa ili kupisha mashindano ya magari ya Formula One, ambayo yalianza pale Albert Park mwaka 1996. Timu ikahamia jirani, Lakeside, uwanja wa zamani wa mpira ule wa Kiaustralia wa kushika kwa mikono, ambao timu yake ilishahamishiwa Sydney tangu mwaka 1982. Yaani waliofukuzwa walipewa nyumba ya aliyehama.

Sasa ndio tunafika kwenye kreti yangu. Postecoglou aliumia goti, akaacha kucheza akiwa hajafika hata miaka 30. Mwaka 1996 timu ikamwachia ukocha. Akachukua ubingwa wa 1998, wakaifunga Carlton 2-1 kwenye fainali. Akachukua tena 1999, safari hiyo Sydney United ndio waliolala, 3-2. Mwaka huo huo wakaenda Fiji kwenye ubingwa wa klabu za Oceania, wakaitandika Nadi 5-1 kwenye fainali, na tiketi ya Brazili ikawa mfukoni.

Januari 2000, FIFA ilifanya mashindano ya kwanza ya klabu za dunia. Man U walijitoa kwenye Kombe la FA, ambalo walikuwa mabingwa wake, ili waende huko. Waingereza wengine walinuna mpaka leo. Kundi lao: Man United, Vasco da Gama ya kina Romário na Edmundo, Necaxa ya Mexico, na South Melbourne. Soma tena majina hayo. Ni kama kwenye harusi ya tajiri meza ya mbele wamekaa mawaziri watatu na fundi baiskeli.

Sitakudanganya kwamba fundi baiskeli aliwashinda mawaziri. Vasco waliwafunga 2-0. Necaxa 3-1, bao la South likifungwa na John Anastasiadis, na ndilo bao lao pekee kule. Mechi ya mwisho, Januari 11, ikawa ya Man U. Ferguson alipumzisha mafundi kadhaa kwa sababu timu zote mbili zilishatolewa. Ndiyo, mshikaji wangu, zote mbili. Man U walikuwa wamepata sare ya 1-1 na Necaxa na kuchapwa 3-1 na Vasco. Wakawafunga South 2-0, mabao yote mawili ya Quinton Fortune, kijana wa Afrika Kusini. Basi. Mabingwa wa Ulaya, wenye makombe matatu ya msimu mmoja, waliwapata vijana wa vibarua mara mbili tu, na mara zote mbili kwa mguu wa Mwafrika.

Ungedhani baada ya hapo timu ingepaa. Wapi. Miaka minne tu.

Soka la Australia lilikuwa hoi kifedha, ikaundwa tume, ripoti ikatoka mwaka 2003, na mwaka 2004 ligi ya zamani ikafungwa kabisa. South, bingwa wa taifa mara nne, ikajikuta mikononi mwa wasimamizi wa madeni. Ligi mpya, A-League, ilianza 2005 na timu mpya, mji mmoja timu moja, na Melbourne wakapewa Melbourne Victory, timu isiyokuwa na babu. Hellas wakashushwa kwenye ligi ya jimbo la Victoria, na huku chini hakuna ngazi. Hapo ndipo roho inaponiuma. Timu ikishuka daraja kwa kufungwa, inauma lakini inaeleweka, mwakani utapambana. Hawa hawakushushwa na bao la mtu. Walishushwa na karatasi, na A-League haina kupanda wala kushuka. Walibeba ubingwa wa jimbo 2006, wakabeba 2014, wakabeba 2016, na kila mara zawadi ilikuwa kurudi pale pale. Mwaka 2017 walifika nusu fainali ya kombe la taifa, Sydney FC wakawapa 5-1, ukaona kabisa pengo la chapaa lilivyo. Mwaka 2018 waliomba nafasi ligi ilipoongezwa timu, wakanyimwa, moja ya nafasi ikaenda kwa Western United, timu ambayo ilikuwa haijazaliwa. Msimu wa 2025-26 Western United haikucheza kwa matatizo ya fedha. Sisemi kitu.

Na wale wa bluu na nyeupe? Wapo. Lakeside siku hizi imezungushiwa njia ya riadha, shabiki anamwona winga kwa mbali kama anatazama meli, lakini watu wanakwenda. Mwaka 2025 Australia ilianzisha mashindano mapya ya taifa kwa timu zilizo chini ya A-League, na South ni mmoja wa waasisi wanane. Halafu hii nayo: Oceania imeunda ligi ya kulipwa ya timu nane kwa mwaka 2026, na South Melbourne ni mojawapo, ingawa Australia yenyewe ilishahama Oceania kwenda Asia tangu 2006. Njia ile ile ya Fiji iliyowafikisha Maracana.

Haya yote niliyamwaga pale kijiweni nimesimama, ndio maana sauti imekauka. Mshikaji akabaki kimya. Halafu akauliza swali moja tu: hiyo Datsun ilikuwa ya mwaka gani? Kreti ililetwa. Alikunywa chupa nne yeye mwenyewe.